Kola Bila Shati

Kiwandani walimwita Mama Kola, na jina lilimkaa. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa hiyo moja: kushona kola za mashati yaliyokwenda kuuzwa ng'ambo. Mikono, mifuko, vifungo, hayo yalikuwa ya wengine. Kitambaa kilikuja kwa meli, uzi kwa meli, hata maboksi ya kufungia. Wao walitoa vidole tu. Lakini vidole hivyo vilikuwa vimeezeka nyumba yake na kusomesha wanawe, na mtaa mzima ulikula kwa king'ora cha kiwanda.

Ndipo uvumi ukaingia: mwenye kiwanda anahamia nchi nyingine, kwenye vibarua wa bei rahisi zaidi. Lisemwalo lipo. Tangu hapo Mama Kola hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anafuta meza aliyokwisha kuifuta.

"Hebu keti, mama watoto, unanitia kizunguzungu," mumewe alimwambia.

"Nitaketije? Nikiambiwa nenda, nitashona nini? Nani atanunua kola bila shati?"

Mumewe alicheka. Yeye hakucheka.

Basi kila mapumziko ya mchana, wenzake wakila, yeye alizunguka cherehani hadi cherehani. "Dada, nionyeshe mkono unavyoingia." "Shoga, mfuko unaupimaje?" Wengine walimcheka kwamba anataka cheo. Msimamizi akamfokea, "Kila mtu na kazi yake!" Kesho yake Mama Kola akarudi palepale.

Uvumi ukawa kweli. Cherehani zilipakiwa kwenye makontena, na wafanyakazi wakabaki getini wakitazamana.

"Sasa je?" aliuliza shoga yake, yule fundi wa mifuko.

Mama Kola alishaanza kutembea. "Twende kwangu. Wifi yangu ana cherehani ya kukanyaga."

Shati lao la kwanza, mkono mmoja uliupita mwenzake. Wifi akalivaa, akajigeuza huku na huku. "Hili mpelekeeni mwizi. Si ndiye mwenye mkono mrefu?" Walicheka hadi machozi, kisha wakafumua, wakaanza upya.

Siku hizi wanashona sare za shule, na kitambaa wananunua sokoni. Kuna miezi kazi inafurika, kuna miezi cherehani inalala. Miezi hiyo Mama Kola hakai ndani. Huchukua sare moja begani, akaenda kubisha shule kwa shule, na akikataliwa hapa, miguu imeshaelekea kule.