Kompyuta Tuliyoivusha Laga

Enzi zetu pale Kakuma, kompyuta ilibebwa kichwani, na kichwa chenyewe kilikuwa cha msichana. Vijana wa leo, ambao simu ikibaki na chaji kidogo wanahema kama wanaofukuzwa na fisi, hawawezi kunielewa. Lakini nyinyi niliokula nanyi githeri yenye mawe, tukacheza kati kwa mpira wa soksi mpaka nyayo zikaungua, mtanielewa.

Mwaka wa 2013 nilikuwa darasa la saba. Ofisi moja kule Lodwar ilikuwa inahama na kugawa vyombo vyake vikuukuu, basi Mwalimu Lokale akatuletea kompyuta moja kwa pikapu. Ilifanana na cherehani iliyofungiwa kwenye sanduku lake. Ukifungua mfuniko, mfuniko wenyewe ndio kibodi. Ndani kuna kioo kidogo kama kiganja na matundu mawili ya kuingizia diski. Mwalimu alituambia kwamba kabla laptop hazijajulikana, hiyo ndiyo iliyokuwa kompyuta ya safari. Wafanyabiashara wa ng'ambo waliifunga, wakaishika mkono wake, wakapanda nayo ndege. Tulicheka sana. Haikuwa na betri, na uzito wake ulikuwa kama mtungi uliojaa maji.

Shule haikuwa na umeme. Jenereta ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, ng'ambo ya laga, ule mto wetu wa mchanga. Kila Alhamisi mwalimu alisema, "Wasichana, bebeni. Nyinyi mmezoea mitungi." Tukaweka ngata kichwani, tukapokezana juu ya mchanga wa moto, mimi na rafiki yangu Nyibol, msichana wa Sudan Kusini aliyeishi kambini, pamoja na wenzetu. Tukifika, wavulana wanakaa mbele ya kibodi, sisi tunapewa mifagio tufagie ukumbi. Mifagio! Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Nilimweleza mama akiwa anakamua mbuzi. Hakuinua hata kichwa.

"Kama mnaweza kuibeba, mnaweza kuifungua," akasema.

Alhamisi iliyofuata nilimwambia Nyibol maneno hayo. Tulipofika katikati ya laga, akaitua kompyuta, akaketi kando yake. Nasi tukaketi. Mwalimu akaja mbio.

"Mna nini nyinyi?"

"Mwalimu, leo sisi ndio tunafungua," Nyibol akamjibu.

"Mtaiharibu!"

"Tumebeba muhula mzima. Tumeangusha siku gani?"

Akawaita wavulana waibebe. Wakaivuta huku na huku, wakaizamisha mchangani, wakaanza kulaumiana nani hana nguvu. Mwalimu alisimama akijipangusa jasho. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Leo wasichana watangulie."

Tuliinyanyua kama unyoya. Niliandika jina langu, Akiru, herufi za kijani zikitokea moja moja, nikasahau hata joto la mabati. Nyibol aliandika jina la mama yake, aliyebaki kwao. Tangu siku hiyo tulipata zamu zetu, mpaka mashine ilipokataa kuwaka kabisa. Lakini nafasi mbili za kwenda kusomea kompyuta Lodwar zilipopatikana, walipelekwa wavulana wawili. Hakuna aliyetuuliza. Hakuna aliyetueleza. Tulisikia tu wameshapanda gari.

Siku hizi binti wa dada yangu analala chali na simu, anaandika kwa kidole kimoja, huku akilalamika kwamba mtandao unamchelewesha. Namwonea wivu, siwafichi. Na bado namsikitikia, maana hajui utamu wa herufi uliyoipigania mwenyewe. Juzi nilimwuliza shuleni kwao ni nani anayewasha kompyuta.

"Wavulana," akajibu bila kuinua macho. "Sisi tunapanga viti."

Nikaweka kikombe chini, nikavaa viatu, nikaenda kumtafuta mwalimu wake.