Scola na Mkeka wa Njia ya Kenge

Saa moja asubuhi, ufukweni mwa ziwa, Ilagala, Scola Thobias anatua ndoo ya maji na kuchuchumaa. Kenge ameshapita hapa. Ameacha mstari wa mkia uliopindapinda mchangani, na nyayo kushoto, kulia, kushoto, kulia, hadi kwenye matete.

Scola hachori. Anachomoa jani la ukindu kwenye kilemba na kulifunga mafundo: fundo kwa kila unyayo, nafasi kwa kila mpindo. Wavuvi wanaoanua nyavu wanamtania kuwa leo anapiga ramli. Anamaliza, anajitwisha ndoo yake.

"Nikifika nyumbani vidole vinasoma mafundo," anasema. "Kichwa kina mambo mengi, kitasahau."

Ana miaka 51, mjane, mama wa Bariki na wengine watatu. Mikeka ndiyo jembe lake. Mmoja humchukua siku tisa: akate ukindu, auanike, auchemshe na rangi, asuke mikanda ya kili mmoja mmoja, kisha aishone pamoja. Hulipwa shilingi elfu ishirini na tano. Ujiji mkeka huohuo huuzwa mara mbili ya hapo.

Na bado wapo wanaosema akina mama wasukao mikeka huku hawana ubunifu. Mwaka 2011 walikuja watu wa mradi na chati zao, wakawafundisha "kubuni" kwa siku mbili. Wakaondoka na mikeka kumi na minne ya mfano. Haijarudi hadi leo. Soda zenyewe za mafunzo hazikutosha.

Hakuna aliyemuuliza Scola anakojifunzia yeye.

Zamani alisuka mnyama mzima. Mwaka 2016 alitengeneza mkeka wa harusi wenye nyoka wa ziwani, yule mwenye pete nyeusi shingoni, kwa sababu alimwona akiogelea na hajapata kuona kitu chenye madaha vile. Shangazi wa bibi harusi, Agnesi, akaukunjua mbele ya wageni.

"Mwanangu alale na nyoka, tena siku ya kwanza?"

Mkeka ulirudi kwa Scola, na kijiji kikacheka mwaka mzima. Yeye akakaa akaufikiria.

"Nikaona watu wanamwogopa mnyama, hawaogopi alipopita. Basi nikaacha kumsuka yeye, nikasuka njia yake."

Tangu hapo amesuka mapito ya kaa, kwato za mbuzi baada ya mvua, hata maji yanavyofunguka nyuma ya fisi maji. Lakini mikeka hiyo alibaki nayo nyumbani. Mnunuzi wake pekee, Hamdani wa Ujiji, huja na picha kwenye simu: maua ya mikeka ya plastiki ya kiwandani. Anataka hayo. Kwa miaka mitatu Scola amesuka hayo, mwanamke mwenye macho kama yale, akinakili mashine.

Safari hii amekataa. Amesuka mitano ya kwake, ua hakuna hata moja. Hamdani akiiacha, mvua ziko mlangoni, ukindu hautakauka tena, na mnunuzi mwingine hana.

Hamdani anafika mchana, wiki mbili baada ya asubuhi ile ya ufukweni. Anaukunjua mkeka wa njia ya kenge, anauzunguka, anauliza maua yako wapi. Scola anamwambia yamekwisha.

"Sasa mama Bariki, watu wa Ujiji nikawauzie kenge?"

"Kenge hayumo, baba. Ameshapita."

Hamdani anacheka. Anavua viatu, anakaa, anaufuata ule mstari kwa kidole toka pembe hii hadi ile. Kicheko kinakwisha. Anaomba kuona mingine minne, na anapomaliza anaanza kuikunja yote, taratibu, huku akiuliza wateja awaambie ni mikeka gani.

"Waambie ni ya Scola wa Ilagala. Jina nimelishona pembeni. Usilikate."

Maji ya mto yakipungua, Scola anataka kuwachukua wasusi wa mikeka watatu jirani zake waende mdomoni mwa mto Malagarasi, wakae mbali, watazame kiboko alikopita.

"Njia yake haienei kwenye mkeka wa kulalia," anasema, akipima hewa kwa mikono miwili. "Huo wa kiboko tutausuka wanne, na wakae watu ishirini juu yake."