Phylis wa Kila Mtu

"Ifike Pasaka, makanisa ya huu mtaa yatakuwa kitu kimoja, ama mniite mwongo!"

Musila aliyasema hayo kwenye baraza ya chifu, hapa Kitengela, mbele ya watu waliokuja kusikiza habari ya maji. Tulipiga makofi. Ahadi ya makanisa angalau haihitaji mfereji.

Alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha Magadi, mahali pa joto ambapo mtu haulizi jehanamu inafananaje. Huko kazini ukumbi wa ibada ulikuwa mmoja. Wakatoliki wakitoka, Wapentekoste wanaingia, na viti havikulalamika. Akadhani watu ni kama viti.

Basi kila Jumatano jioni sebule yake ilijaa Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na Wasabato. Phylis, mkewe, ndiye aliyepika chai, na Wasabato, wasiokunywa majani ya chai, akawachemshia maji matupu. Yeye alikuwa Mkatoliki, na jumuiya yake, ile ya kusali nyumba kwa nyumba, ilikutana saa hiyo hiyo.

"Mama, si uende jumuiya?" nilimwuliza siku moja, mimi jirani yao.

"Niende, halafu watu waseme umoja wa Musila hata bibi yake ameutoroka?"

Mwaka mzima daftari la jumuiya halikumwona. Pasaka ilipita, kila kanisa likaimba kwake. Juni, presha ikamchukua Phylis.

Musila alimwendea Opiyo, katekista.

"Pole sana, mzee. Lakini bila jumuiya hakuna misa ya mazishi. Si huyo ni wenu wa Jumatano?"

Akaenda kwa Pasta Mugure wa Wapentekoste. "Mama tulimpenda, baba. Lakini hakuzamishwa kwa maji. Nikimzika, akina Opiyo watasema nimeiba maiti."

Kwa Wakhungu, mzee wa Wasabato, hakufika hata kwenye kiti. "Mazishi Jumamosi, Musila? Kwani mimi niko na Sabato ingine?"

"Nitaweka Ijumaa."

"Weka. Bado hakuwa wetu."

Kasisi wa Waanglikana hakushika simu.

"Sasa Phylis alikuwa wa nani?" Musila aliniuliza, kofia mkononi.

"Wa kila mtu, mzee." Nilidhani ninamfariji.

"Ndiyo hiyo shida," akasema. "Wa kila mtu hana wa kumzika."

Tulimzika Ijumaa kwenye kaploti kao ka Kisaju, upepo ukitupiga vumbi machoni. Watu wa Jumatano walikuja wote, sitawasingizia. Lakini walisimama makundi manne, kila kundi likingoja lingine lianzishe wimbo, na hakuna aliyeanzisha. Musila akavaa miwani, akafungua kitabu, akasoma kidole kikifuata mstari. Palipoandikwa "Padre" akasoma. Palipoandikwa "Wote" akangoja kidogo, akatuangalia, kisha akasoma hapo pia.

Kitabu hicho cha sala za mazishi alikinunua asubuhi ile dukani karibu na stendi. Ni shilingi mia mbili na hamsini.