Kambi Niliyoiweka Kwenye Ramani ya Maji

Asubuhi za mtaa wetu wa Mususa zilinuka udongo mwekundu uliolowa na majani ya mikaratusi. Kabla ukungu haujaondoka mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, sisi wasichana tulikuwa tayari tunateremka bondeni na bidoni za njano za kutekea maji, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, tukisikiliza kwa makini njia iliyo mbele yetu. Katika miaka ile ya vita masikio ndiyo yaliyotangulia kwenda kuteka maji. Ukisikia buti, unasimama. Ukisikia wanawake wanacheka kwenye chemchemi, unaendelea. Mji ulikuwa ukibadilisha watawala mara kwa mara, na sisi watoto tuliwatambua wapya kwa rangi ya sare zao. Wakati ninaousimulia, nilikuwa na miaka kumi na mmoja, niko darasa la tano, na waasi waliotutawala walikuwa wamepiga kambi juu kabisa ya kilima chetu.

Shule yetu ilikuwa na urafiki na shule moja ya Ubelgiji. Mwalimu wetu, Mwalimu Paluku, aliuanzisha kabla ya vita pamoja na mwalimu wa kike wa huko aliyewahi kuja kufundisha kwetu muhula mmoja. Makubaliano yao yalikuwa rahisi: kila mwaka watoto wa pande zote mbili wanachukua swali moja, wanawauliza watu wa kwao, kisha wanaandikiana walichojifunza. Vita vilipoanza posta ilikufa, lakini urafiki haukufa. Barua zilibebwa mkononi mpaka Beni, na huko mchungaji mmoja alizikabidhi kwa abiria wa ndege ndogo. Swali la mwaka ule lilikuwa: maji yetu yanatoka wapi?

Mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa Mama Mbambu, mjane mzee aliyefagia chemchemi kubwa ya mtaa wetu kila asubuhi bila kutumwa na mtu. Alimtazama Mwalimu Paluku kwa mashaka, ufagio mkononi.

"Bazungu banataka kujua maji yetu ya nini? Kwao hakuna maji?"

"Nabo banauliza bazee babo, mama," mwalimu alimjibu. "Ni weye utafundisha. Miye nitakaa na batoto, nasikiliza."

Na kweli akakaa. Sitasahau siku ile Mama Mbambu alipoketi kwenye kiti cha mwalimu, miguu peku, kitenge chake cha Jumapili kimefungwa vizuri, na Mwalimu Paluku akabanana nasi kwenye dawati la nyuma huku akiandika kama mwanafunzi. Mama Mbambu hakujua kusoma. Lakini alijua chemchemi ipi hukauka kiangazi, ipi ilikufa baada ya watu kupanda mikaratusi juu yake, na maji ya wapi usimpe mtoto mchanga kabla ya kuyachemsha. Wiki iliyofuata wakaja wanawake wengine wawili bila kuitwa, kwa kuwa walisikia ameeleza vibaya habari za chemchemi yao. Wakabishana mbele yetu, na sisi tukaandika yote.

Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa safi, nilipewa kazi ya kuchora ramani. Tuligandisha karatasi za mifuko ya saruji kwa uji wa muhogo mpaka tukapata karatasi moja kubwa kama mkeka. Nikaweka njia kwa rangi nyekundu na chemchemi kumi na mbili kwa duara za buluu. Mwalimu Paluku aliniambia jambo moja tu: "Masika, kule juu ya kilima, acha wazi." Nilimwitikia. Lakini ramani ilipokamilika, ule uwazi ulinisumbua. Mama Mbambu alikuwa ametueleza kwamba maji ya chemchemi ya nne huanzia pale juu, chini ya mahema. Asubuhi ya safari ya mwalimu kwenda Beni, nilifika darasani mapema nikachora kisanduku kidogo na bendera yake, nikaandika pembeni kwa Kifaransa neno moja: camp, yaani kambi. Mwalimu akaja na haraka zake, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kupanda lori.

Kabla ya saa sita mchana dereva wa lori lile alirudi mpaka shuleni. Kwenye kizuizi cha kutokea mjini askari walikuwa wameufungua mfuko, wakaiona ramani na kumkamata mwalimu. Mkuu wa shule alituruhusu kurudi nyumbani, akatukataza kuimba njiani. Baba alikwishasikia habari nilipofika. Hakunipiga wala kunigombeza. Alisema tu, "Leta makaye yako yote. Yote." Akayasukuma madaftari yangu motoni, moja baada ya jingine, chini ya sufuria ya maharagwe. Mimi nilisimama mlangoni, nikijua jambo ambalo yeye hakulijua. Jioni nilimwambia mama. Akajitanda kitenge na kwenda kwa Mama Mbambu.

Kulipokucha, wanawake kama ishirini walipanda kilima na bidoni vichwani, tupu. Mama alinishika mkono kwa nguvu hata ukaniuma. Askari wa langoni alitukemea kwa Kilingala, "Botikala wana!" na tukabaki pale pale. Mama Mbambu alieleza kwamba wamekuja kwa ajili ya maji na mwalimu. Tulisubiri mpaka ukungu ukaisha, tukaitwa.

Kamanda alikuwa ameketi nyuma ya meza, ramani yangu imetandikwa mbele yake. Mwalimu Paluku alikuwa sakafuni, mikono imefungwa nyuma, jicho moja limevimba hata halionekani. Aliponiona, alitikisa kichwa kidogo sana, kunikataza.

"Huyu anasema alichora yeye," kamanda alisema akiigonga ramani kwa kidole. "Hii karte. Mutu wa kawaida hapana chora karte ya camp. Donc nani alimutuma?"

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua kusema. "Ni miye nilichora, mon commandant. Mwalimu alinikataza kuweka camp. Niliweka wakati hayuko."

"Weye? Mutoto mudogo hivi?" Akaigeuza ramani uso chini. "Kama ni weye, taja yote. Bila kuangalia."

Nikaanza. Nilitaja chemchemi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikieleza njia zake na miti yake. Nilipofika ya saba, kichwa kikawa cheupe. Nilimwona askari mmoja akihamisha bunduki kutoka bega hili kwenda lile. Ndipo nyuma yangu, kwa sauti moja, wanawake wakataja ya saba. Wakanyamaza kunisubiri. Nikataja ya nane, na nyingine zote mpaka ya mwisho.

"Na camp? Sababu gani uliweka camp?"

Mama Mbambu hakuniacha nijibu, akawanyoshea askari kidole. "Sababu maji inaanza hapa, baba. Choo ya basoda bako iko juu ya maji yetu. Batoto banaharisha, moja tumeshamuzika. Na basoda bako banakunywa maji gani? Ni ile ile."

Askari wawili waliokuwa mlangoni walitazamana. Kamanda aliigeuza tena ramani, akaitazama ile duara ya nne muda mrefu, kisha akachomoa kisu. Mama alinivuta nyuma yake. Lakini alikata karatasi tu. Akakitoa kilima chote, akakitia mfukoni, na kipande kilichobaki akakitupa kwenye moto wa walinzi. "Mumupeleke mwalimu wenu," alisema. "Mambo ya karte, basi."

Tulimteremsha Mwalimu Paluku taratibu, wanawake wawili wakimshika makwapa. Baada ya wiki mbili choo cha kambi kilihamishiwa upande wa pili. Hatukuambiwa, tuliona tu askari wakichimba. Ubelgiji tulipeleka barua bila ramani, tukaandika maneno ya Mama Mbambu kama alivyoyasema. Majibu yalichukua miezi mingi. Wenzetu walitutumia ramani yao ya maji, waliyoichora juu ya ramani ya kuchapwa iliyonunuliwa dukani. Kila kitu kilikuwapo: makanisa, mito, mabomba, hata kambi ya jeshi ya mji wao, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Tuliitazama tukiwa tumezunguka dawati. Nikaweka kidole juu ya ile kambi, nikakiondoa upesi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mimi mwenyewe mwalimu, nilikwenda Beni, alikohamia Mwalimu Paluku, kumwomba msamaha. Aliniandalia chai na kuniacha niseme mpaka nimalize. Kisha akasema, "Masika, nilijikasirikia mwenyewe. Nilibafundisha kusikiliza batu, halafu nikakuambia uache kile balisema. Lakini ningekuambia tena vile vile. Ulikuwa mutoto."

Leo wanafunzi wangu wana marafiki wa ng'ambo wanaowaona kwenye simu, na swali linaweza kujibiwa kabla kengele haijalia. Ni jambo zuri, nami nalifurahia. Lakini upande wa Beni watu wangali wanakimbia mashamba yao, na mipaka ya ninachoweza kuwaruhusu watoto waonyeshe haijapanuka sana. Ninachofanya tofauti ni kimoja. Kabla hatujatuma chochote, ninawaita wazazi na wazee waliotufundisha, tunawasomea kazi yote, kisha tunaamua pamoja nao nini kiende na nini kibaki kwetu. Inachukua muda mrefu. Wenzetu wa ng'ambo huuliza kwa nini tunachelewa, na watoto ndio wanaowajibu: bado tunawasomea mama zetu.