Siku Tatu za Mwalimu Tarsisi

Mwalimu Tarsisi wa Kigonsera alikuwa na kazi isiyo na jina. Makatekista walikuwa wengi, lakini yeye, juu ya kufundisha katekisimu, alitumwa na mapadri kwenda kuulizia watu. Mtu akiomba kulea yatima, au kuhudumia wazee na wakoma, Mwalimu alishika fimbo yake akaenda kwa miguu mpaka kwao, kuuliza kama mtu huyo amewahi kumtesa asiyeweza kujitetea. Serikali ya Mwingereza haikujishughulisha na hayo. Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, alikuwa na mafaili ya wezi wa ng'ombe, si ya walezi wa watoto.

Ninayeandika ni mimi, Serafina, na naomba ijulikane mapema kwamba sikumpenda mtu huyu. Nitajitahidi kumtendea haki hata hivyo.

Njia yake ilikuwa ya siku tatu. Alikuwa Mmatengo, na alijua kwamba Wamatengo hawamsemi mtu wao mbele ya mgeni. Wana sengu. Wanaume wa ukoo hula pamoja kwa mzee wao, kila mke akileta chakula chake, na baada ya kula ndipo mambo ya ukoo husemwa, ya heri na ya aibu. Mgeni asiyekula nao huambiwa mazuri matupu, kisha husindikizwa kwa heshima. Kwa hiyo Mwalimu alikula. Siku ya kwanza alisikia sifa. Ya pili walizungumza mvua na kahawa. Ya tatu mtu mmoja alikohoa, akaanza kusema. Siri ya mtungi aijuaye kata, naye hakuondoka mpaka amesikia. Watu walimtania kwamba anazunguka milimani kutafuta ugali wa bure. Watatu walinyimwa kazi kwa sababu yake, na mmoja wao alikuwa binamu yake.

Sisi tulikuwa Wanyasa wa pwani ya ziwa. Baba alikwenda kwenye migodi ya kusini, hakurudi wala hakuandika. Mama alikufa kwa homa. Mimi nikiwa na miaka kumi na mdogo wangu Luisa miaka mitatu, tulipelekwa kwenye nyumba ya yatima ambayo sitaitaja, maana imeshafungwa na waliokuwamo wengi wamekufa. Wakubwa tulilala upande wetu na wadogo upande wao. Mwaka huo, 1948, baada ya Pasaka, aliletwa mlezi mpya wa wadogo. Aliitwa Otilia, alitoka kilima kimoja juu ya Litembo. Alikuwa msafi, mchapakazi, na aliimba vizuri kanisani. Mama Mkuu wa masista alimpenda sana.

Luisa alikuwa akikojoa kitandani. Otilia alimtoa nje asubuhi, akamsimamisha uani ameshika mkeka wake kwa mikono miwili mpaka ukauke. Kiangazi ulikauka. Masika haukukauka. Sisi wakubwa tulitoka mapema kwenda shuleni na shambani, na Luisa hakusema neno, kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu hudhani dunia yote ndivyo ilivyo. Februari alishikwa na kichomi. Nilimkuta anahema haraka haraka, vidole vimekunjamana kwa maji, na mpishi ndiye aliyenieleza, akilia. Luisa alikufa siku ya nne. Niliwahi kumwambia ajizuie kukojoa asinitie aibu. Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Otilia alifukuzwa. Wiki kadhaa baadaye Mwalimu Tarsisi alikuja akanikuta nachambua maharage. Akachuchumaa, mtu mrefu vile, mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka kwao Otilia."

"Ameshafukuzwa."

"Najua. Mwaka jana niliwafikia siku ya Ijumaa, Kwaresima. Walikuwa wamepika mbuzi. Nikawaambia nimefunga. Wakaniheshimu, wakanipa kigoda pembeni, wakasema Otilia ni mtu wao, hana neno. Nikaandika hivyo, nikageuka siku ile ile."

"Na sasa?"

"Sasa pia ni Kwaresima. Nimekula nyama yao siku tatu."

Nikaacha maharage. "Wamesemaje?"

"Alikuwa akimlea mtoto wa marehemu dada yake. Alimfanyia hayo hayo, mpaka ukoo ukamnyang'anya. Wote walijua. Mzee wao ameniuliza kwa nini mwaka jana sikukaa kula."

"Mbona unaniambia mimi?"

"Ni wa kwako aliyekufa. Nimwambie nani mwingine?"

Padri alimwambia hana kosa, ameshika amri ya Kanisa. Majirani wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Yeye mwenyewe aliomba aondolewe kazi ile, akakataliwa. Mtu pekee aliyemhukumu, mbali na yeye mwenyewe, nilikuwa mimi. Nilimwambia aondoke na kwamba sitamsamehe mpaka naingia kaburini. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilimaanisha. Baada ya hapo kila alipopita kwenye nyumba yetu nilimwamkia kama inavyopasa, nikampa mgongo.

Mwaka 1956 niliomba kazi ya kulea wadogo kwenye nyumba ile ile. Niliitaka kuliko ndoa, na wachumba walikuwapo. Nilitaka asubuhi ziwe na mtu wa kuwatazama watoto wale. Ilibidi niulizwe kama wengine, na aliyetumwa ni Tarsisi, sasa ana miguu iliyovimba. Alishuka mpaka ziwani kwa mjomba wangu Pankras, akala ugali na dagaa wa usipa siku tatu. Nilijua yuko kule. Sikulala vizuri, kwa kuwa mjomba hajui kuficha, na hasira zangu ukoo mzima unazifahamu.

Mama Mkuu aliniita akanisomea barua. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba nina hasira ya haraka, lakini hakuna aliyewahi kuona nikimpiga mtoto. Kisha akaandika: "Nimeambiwa kwamba binti huyu ameapa kutonisamehe kwa ajili ya mdogo wake. Sitamwomba aache. Nilikosea, na mtoto akafa. Mpeni watoto. Yeye hatakubali kuambiwa kwamba mtu hana neno."

Mama Mkuu aliuliza kama nina la kusema. Nikasema sina. Nikaanza kazi Jumatatu.

Kuanzia Jumatatu ile mpaka Mwalimu Tarsisi alipozikwa Kigonsera ulipita mwaka na miezi miwili. Nilikuwa na likizo mara mbili, na lori la misheni lilikwenda huko kila mwezi. Mara zote mbili nilisema nitakwenda nikishapumzika. Hasira ilikuwa imeshakwisha siku ile barua iliposomwa, na yeye hakujua.