Mwaka 2016 kwenye Kompyuta ya Ato Damtew

Ato Damtew alistaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika masijala ya idara moja ya serikali mjini Addis Ababa, na kesho yake akaihamishia masijala sebuleni. Kompyuta ya nyumbani, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa chombo cha binti yake cha kuchorea ramani za nyumba, ikapata mkuu.

Alianza na aikoni, zile picha ndogo ambazo kwa watu wengine hutapakaa kwenye kioo kama nguo za kufua. Zake zilisimama kwa safu na kwa vyeo. Juu kushoto, PENSHENI. Chini yake, KIWANJA. Kisha KANISA, kisha BARUA ZILIZOINGIA na BARUA ZILIZOTOKA. Nyimbo za dini za mkewe, Woizero Aselefech (Woizero kwao ni Bibi, kama Ato ilivyo Bwana), aliziweka mwisho kabisa, jirani na pipa la taka. Ule ukanda wa chini wenye programu za kila siku aliupandisha juu ya kioo, kwa hoja kwamba kichwa hakikai miguuni, kisha akauamuru ujifiche mpaka uitwe. Programu ya binti yake aliiondoa kwenye ukanda akaipa jina jipya: IDARA YA UFUNDI. Asubuhi ungemkuta ameketi mbele ya kazi hiyo, amefunga tai, hafungui faili hata moja. Masijala nzuri, alizoea kusema, ni ile ambayo hakuna anayeigusa.

Ilibaki pembe moja tu: saa. Jumapili, alipotoka kanisani, aliitazama kwa mara ya kwanza kwa jicho la ukaguzi. Addis nzima ilikuwa saa nne asubuhi. Pembe ile ilisema saa kumi. Kalenda ya kanisa ukutani, inayohesabu kwa Kiethiopia, ilisema mwaka 2016, mwezi wa nane, Miyazia. Pembe ile ilisema Aprili 2024. Watu wa mji ule wamebeba hesabu hizo mbili kichwani maisha yao yote bila kuumwa. Ato Damtew aliona ni uzembe. Akazima kile kifungo kinachoiruhusu mashine ijirekebishe yenyewe, akaandika saa nne, tarehe sita, mwezi wa nane, 2016. Mashine ikakubali bila ubishi.

"Na Pagume je?" mkewe akauliza kutoka mlangoni. "Hiyo mashine yako ina mwezi wa kumi na tatu?"

Alijaribu. Haikuwa nao.

"Siku hizo tano itapumzika," akasema.

"Heri yake. Mimi sijawahi kupewa hata moja."

Jumanne ilikuwa siku ya binti yake, Hirut. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na miezi minne bila kazi tangu kampuni ya ujenzi aliyokuwa akiichorea ifungwe. Sasa wasanifu wa Kampala walikuwa wamemwita kwenye usaili wa video, saa nne kamili. Walitaka kuona michoro yake ikifunguliwa na kuzungushwa mbele ya macho yao, jambo ambalo simu yake haikuliweza. Waombaji walikuwa wamebaki wawili, yeye na mwenzake mmoja.

Saa tatu na nusu aliketi.

"Baba, programu yangu iko wapi?"

"Safu ya tatu. Soma majina."

"Nimesoma. Haipo."

"Idara ya Ufundi."

"Idara ina watu wangapi?"

"Mmoja. Ndiyo maana iko safu ya tatu."

Aliifungua, michoro ikatokea, akashusha pumzi. Kisha akabonyeza anwani ya usaili. Badala ya Kampala ukaja ukurasa mweupe wenye maneno machache: Saa yako iko nyuma.

Hirut aliinua macho kwenye pembe ya kioo, akaelewa. Kurasa za mtandao huja na vyeti vyenye tarehe, na mashine inayoamini kwamba ni Agosti 2016 huviona vyeti vya leo kuwa bado havijaandikwa. Baba yake naye alikuwa ameinama juu ya bega lake, anasoma.

"Nyuma ya nani?"

"Baba, tafadhali. Ni mtandao tu."

"Huo mtandao uulize, nyuma ya nani? Tangu lini sisi tunamfuata mtu?"

"Weka nywila nibadilishe. Nikimaliza nairudisha ilivyokuwa."

Nywila ilikuwa lazima. Ato Damtew alikuwa amejiandikisha kuwa msimamizi wa mashine na wengine wote akawafanya wageni. Mgeni aliruhusiwa kufungua faili, si kugusa saa.

"Leta ombi kwa maandishi," akasema.

Hirut alimtazama kuona kama anatania. Baba yake alikuwa amekwisha kuvua kofia ya kalamu na kumnyooshea. Saa nne kasoro dakika kumi na saba.

Akaandika mistari miwili, akatia sahihi. Ato Damtew alivaa miwani, akasoma, akairudisha karatasi.

"Haina tarehe."

Wiki nzima alikuwa akiandikiana na Kampala, na mkono ukaandika kwa mazoea: 16 Aprili 2024.

"Tarehe ya wapi hii?"

Akaikata kwa mstari, akaandika Miyazia 8.

"Ombi lenye mkato halipokelewi. Andika upya."

Woizero Aselefech alitokea jikoni na kikaango cha kahawa kinachofuka moshi. "Damtew, mtoto anatafuta kazi, wewe umeshastaafu. Nani kati yenu ana haki ya kuchelewa?"

"Usiingilie utaratibu."

"Utaratibu gani? Mtu ana faili tisa anajiona waziri. Mpe mtoto nywila kabla sijamwaga hizi buni juu ya masijala yako."

Ombi jipya lilipokelewa. Ato Damtew aliketi, akafunika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaandika nywila. Ikakataliwa. Akaandika tena. Nywila iliishia na mwaka wake wa kustaafu, na sasa hakukumbuka aliuandika kwa kalenda ipi.

Mwaka 2024 ulirudi nyumbani kwake saa nne na dakika kumi na moja.

"Tulidhani umeghairi," alisema msanifu mkuu, mama mmoja wa makamo aitwaye Nakitende.

"Samahani sana. Saa ya hapa nyumbani ilikuwa na tatizo."

"Haikuwa na tatizo," alisema Ato Damtew nyuma yake, kwa sauti ya kufika Kampala.

Hirut alizungusha ngazi, akafungua paa, akaonyesha mwanga wa jioni unavyoingia sebuleni. Walimsikiliza kwa makini. Mwishoni Nakitende akauliza, "Ukipewa siku ya kukabidhi kazi, unaifikia?" Hirut akajibu ndiyo. Mama yule akaandika kitu kifupi.

Jibu lilikuja Alhamisi, siku ya mwisho ya kibali cha saa, maana Ato Damtew alikuwa ametoa kibali cha siku tatu. Waliandika kwamba michoro yake ilikuwa bora kuliko ya mwenzake, na kwamba nafasi wamempa mwenzake.

"Wamesemaje?" mama yake aliuliza jikoni.

"Wamesema nachora vizuri."

Aselefech alimmiminia kahawa.

Ato Damtew aliihifadhi barua ile kwenye BARUA ZILIZOINGIA, akaipa namba ya kumbukumbu, kisha akarudisha saa: Miyazia 10, 2016. Ijumaa akaingiza barua ya mamlaka ya maji, aliyoinakili mwenyewe neno kwa neno. Faili zilijipanga mpya juu, kuukuu chini. Barua ya maji ikatumbukia chini kabisa. Ya Kampala ikabaki juu. Akaibadilisha jina, akafunga, akafungua. Ilikuwa juu.

"Hirut, hii barua yako mbona haishuki?"

Hirut alikuwa mlangoni anafunga viatu, anakwenda kuulizia kazi kwenye duka la fotokopi kule Megenagna.

"Ni ya mwaka 2024, Baba. Itakaa hapo mpaka na wewe ufike."