Shamba la kwenye picha lilivyoniharibia posa Njombe

Wakuu, poleni na majukumu. Hili limenikuta mwenyewe, sina sababu ya kuwapiga fiksi.

Juzi binti yangu kanivalisha miwani ya VR, eti niione story nikiwa ndani yake. Nikaivua haraka. Kanicheka sana.

Hajui yaliyonipata.

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilikuwa nauza mitumba Makambako. Kwenye belo moja nikakuta kidude cha plastiki cha kuchungulia kwa macho mawili. Unabonyeza, picha inabadilika, na kila kitu unakiona live kama upo pale pale.

Ilikuwa hadithi ya watoto wa Ulaya: shamba, ng'ombe wa maziwa, nyumba ya matofali, ukungu. Ungeambiwa ni Uwemba, huku huku Njombe, usingebisha.

Nikaenda nacho Njombe siku ya posa kwa kina Neema, mchumba wangu, nimfurahishe baba yake.

Sasa kule muoaji hafungui mdomo. Anayesema ni mshenga. Wangu alikuwa Mzee Shabani, mwenye malori pale Makambako, na kwa maneno huyo mtu, we acha tu.

Picha hazina sauti, lazima mtu asimulie. Na anayechungulia ni mmoja. Kwa hiyo baba Neema anaangalia, Shabani anasimulia asichokiona!

Mzee akasema anaona ng'ombe. Shabani akadakia kuwa ndio wa kijana wetu hao. Akaona nyumba. Ya kijana. Nikamkanyaga mguu, wapi! Akaongeza na ngano.

Baba Neema akashusha kidude, karidhika kabisa. Akataka tu siku ya kwenda kulitembelea shamba.

Ningefanyaje, wakuu? Nikavunja mwiko.

"Baba, lile shamba si langu. Zile ni picha za hadithi."

Nilidhani atamgeukia Shabani. Akanitazama mimi.

"Nimeliona kwa macho yangu, kijana. Kama nyumba yako unaikana mbele za watu, mwanangu utashindwa kumkana?"

Posa ikakataliwa. Njiani Shabani ananilaumu, eti nimemwingilia kazi yake. Nilitamani nishuke kwenye lori nitembee kwa miguu.

Neema akaolewa Bulongwa. Kabla ya hapo alikuja kibandani kuniaga. Akasema shamba hakuwahi kulitaka, angekuja hata kwenye chumba changu cha kupanga.

Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Ushauri wangu: tafuteni mshenga anayejua kunyamaza. Na wewe uliyewahi kuharibiwa na mshenga, shusha yako hapa, nisijione niko peke yangu.